Muulize Mjomba: Mbayuwayu wa kwenye vibuyu, uchungulie lini na uache lini?

Toleo lililopita niligusia kidogo habari za mbayuwayu wa zambarau wa Marekani Kaskazini, na kusema kweli sikutegemea barua zote hizi, kumbe mko wengi Houston, Erie, Nashville na kwingineko mnaoishi na hawa ndege uani. Kwa ambaye hakusoma: huyu ndio mbayuwayu mkubwa kuliko wote kule Marekani Kaskazini, dume aliyekomaa ni mweusi wa kung'aa mpaka unaona zambarau, jike na vijana wana matumbo ya kijivujivu. Wanakuja kutoka Brazil kuzaa halafu wanarudi. Upande wa mashariki wa nchi karibu wote hawazai tena kwenye matundu ya miti, wanategemea nyumba na vibuyu wanavyotundikiwa na watu, na ni mambo ya zamani haya, Wachoctaw na Wachickasaw, wenyeji wa asili wa kule, walikuwa wanawatundikia vibuyu karibu na nyumba zao. Watu wanaowatunza wanajiita wenye nyumba, ndege ndio wapangaji, sema kodi ndio hawalipi. Barua zinazouliza kitu kilekile nimeziunganisha.

Mjomba shikamoo. Nipo Houston, nyumba tuliyohamia tumekuta mlingoti wenye vibuyu vyeupe 12, na ndege wameshaingia. Mzee wa jirani ananiambia kila wiki niviteremshe nichungulie ndani. Sisi Tanga tumekua tukiambiwa ukishika kinda mama yake anasusa, ndio basi tena. Huyu mzee ananitania au? — Mpangishaji asiyejijua

Marahaba mwanangu. Hakutanii hata kidogo, teremsha. Hiyo habari ya mama kususa hata mi nimekua nayo, ila kwa hawa mbayuwayu haipo, wamezoea watu kwa karne na karne, unavyoshusha vibuyu wao wanaruka juu ya kichwa chako wanapiga kelele, ukipandisha tu ndani ya dakika chache wanaingia kulisha kama hakuna kilichotokea. Anayewaumiza zaidi ni yule mwenye nyumba anayeogopa kuchungulia, maana huko juu makinda wanaliwa na utitiri au shomoro ameshaingia katoboa mayai na yeye yuko chini anapiga picha za jioni anasema koloni langu, yaani kundi langu la ndege, linaendelea vizuri.

Utaratibu ni huu. Kila baada ya siku 5 mpaka 7, siku yenye jua, asubuhi ikishapata joto au mchana. Usifanye kwenye mvua wala baridi, na usifanye jioni kwa sababu wanatakiwa wawe wametulia kabla giza halijaingia. Kabla ya yote kila kibuyu kipe namba kwa maka peni, namba hiyohiyo iwe kwenye daftari. Shusha kwa winchi au kamba taratibu, anza namba 1 uende mpaka 12, usikae pale nusu saa nzima unawashangaa. Na kitu ambacho wengi hawaambiwi: ukipandisha, fremu inayobeba vibuyu irudi vilevile ilivyokuwa inaangalia, weka alama ya rangi kwenye mlingoti, kwa sababu ndege anajua mlango wake kwa mahali ulipo, ukizungusha kidogo tu unasikia ugomvi, kila mtu anaingia chumba cha mwenzake.

Ukifungua kile kifuniko cha pembeni ndani utakuta tandiko la vijiti, nyasi na majani makavu, limejaa chini tu halipandi juu, na mara nyingi mlangoni kuna kiukuta cha tope wamekijenga kwa midomo. Juu ya tandiko kuna majani mabichi ya kijani, laini, yamechumwa siku hiyohiyo, na kila siku wanaongeza mengine. Watu wanabishana mpaka leo kazi ya hayo majani, wapo wanaosema yanapunguza wadudu. Wewe usiyatoe. Mayai ni meupe pee hayana doa, mara nyingi 4 au 5, yanaweza kufika hata 7. Ukikuta jike kayalalia asipotoka usimlazimishe, andika "jike ndani" nenda kibuyu kinachofuata.

Jambo Mjomba. Sisi tuko Erie, Pennsylvania, tulitoka Uvira. Mtoto wangu alileta habari ya hizi ndege kutoka masomo, sasa iko nafanya hesabu ya mayai kila wiki na mimi namusaidia. Tutajuaje mayai itaangua siku gani, na mwisho wa kufungua ni lini? Tuliambiwa tukichelewa watoto wanaruka. — Baba wa mwanafunzi

Ndugu yangu swali lako ndio moyo wa kazi yenyewe, na mmepatia mji, maana hapohapo Erie ndipo yalipo makao ya Chama cha Uhifadhi wa Mbayuwayu wa Zambarau, kilianzishwa 1987, wana mradi unaitwa Project MartinWatch ambapo wenye nyumba wa nchi nzima wanaandika kila wiki mayai mangapi, makinda wangapi, wangapi wameruka, mwisho wa msimu wanatuma. Mwambie mtoto daftari lake linaweza kwenda huko.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Jike anataga yai moja kwa siku, kwahiyo huhitaji kuwepo siku ya kwanza. Mkifungua tarehe 10 Mei mkakuta mayai 3, ujue la kwanza lilitagwa tarehe 8. Wiki inayofuata mkikuta yako 5 na hayaongezeki basi la tano lilitagwa tarehe 12. Anayeatamia ni jike, dume anaweza kuingia akakaa juu yake ila hana ile ngozi ya tumbo ya kupasha joto. Kuatamia kunachukua kama siku 15 au 16, anaanza kwa uzito yai la mwisho au la kabla ya mwisho likishatoka, kwahiyo chukua tarehe 12 ongeza 16 unapata 28 Mei, hiyo ndio siku ya kuangua, kosea siku moja huku au kule, baridi ikiwepo inasogea mbele. Kutoka hapo hesabu siku 22. Ni tarehe 19 Juni. Ikifika hiyo tarehe kibuyu hicho hakifunguliwi tena, basi. Wenyewe wataruka wakiwa na siku 26 mpaka 32, yaani kati ya 23 na 29 Juni, na wakitolewa kabla, ukawafungulia mlango wakaogopa wakajirusha, wanaangukia kwenye nyasi hawawezi kuruka vizuri na paka wa jirani yupo.

Sasa tatizo: vibuyu vyenu havitakuwa na tarehe moja, kimoja kina makinda wa siku 20 kingine ndio kwanza mayai, na vyote viko kwenye mlingoti mmoja. Ndio maana ya namba na daftari. Mnashusha fremu nzima taratibu, mnafungua vya wadogo tu, vya wakubwa mnavipita, wengine wanaziba mlango wa wakubwa kwa kitambaa laini kwa hizo dakika chache, mkimaliza toa kitambaa, na tafadhali hesabu vitambaa kabla hujapandisha.

Kama mmekosa tarehe ya mayai, soma umri kwenye mwili. Siku ya kuangua ni kanyama kapinki, uchi kabisa, macho yamefumba, mwili saizi ya karanga iliyomenywa, pembeni kuna vipande vya ganda jeupe. Siku ya 5 bado yuko uchi ila kaongezeka sana. Kwenye siku ya 10 hivi ngozi inaanza kuwa nyeusinyeusi kwa manyoya yanayosukuma chini yake na macho yanaanza kufunguka. Kufika 15 manyoya ya mbawa yamechomoza kwenye mirija yake, ncha zinachanua. Ukifungua ukakuta ndege kamili ana manyoya yote anakuangalia, mkia tu ndio mfupi, wewe funga polepole ondoka.

Na akiruka bado sio mwisho, siku za mwanzo wengi wanarudi jioni kulala kwenye vibuyu, msiharakishe kuvishusha.

Mjomba mambo. Dallas huku, nina nyumba ya mbayuwayu ya ghorofa yenye vyumba 8. Vyumba vitatu vina ndege wa kahawia na vimejazwa manyasi na hadi kipande cha nailoni. Niwatoe au nao wanalindwa na sheria? — Mwenye ghorofa

Poa. Hao ni shomoro, na hapa sina huruma, utanisamehe. Shomoro wa majumbani waliletwa kutoka Ulaya, walianzia Brooklyn miaka ya 1850, na kwenzi wa Ulaya wakaachiwa Central Park, New York, mwaka 1890, leo wako bara zima. Dume la shomoro likishapenda chumba linatoboa mayai ya mbayuwayu, linaua makinda na kuwatupa nje, hata kama halihitaji vyumba vyote. Kwenzi yeye ana mdomo mrefu, anamuua hata mkubwa ndani ya chumba.

Hawa wawili hawamo kwenye sheria ya Marekani ya kulinda ndege wahamao ya mwaka 1918, kwahiyo tandiko na mayai yao unaruhusiwa kutoa. Mbayuwayu wamo, na ndege wengine wengi wa kienyeji wamo, ukigusa mayai yao umeingia matatizoni, ndio maana lazima ujue unachotoa. Tandiko la shomoro linajaa chumba mpaka dari, nyasi ndefu, manyoya, takataka, na mayai yana madoadoa. Ya kwenzi ni buluu ya kupauka. Meupe safi juu ya tandiko la chini lenye majani mabichi ni ya mpangaji wako. Ila kuna mbayuwayu wa mitini, mdogo, naye anataga meupe lakini madogo zaidi na kalaza manyoya ya ndege, huyo analindwa, muwekee kiboksi chake pembeni kidogo ataondoka kwenye ghorofa yako.

Shomoro ukimtoa leo kesho anarudi, wewe toa tena. Wapo wanaotega mitego na kuwaua, hilo kila mtu na moyo wake, ila usiwaache wazae hapo halafu useme unafuga mbayuwayu. Kwa kwenzi kuna dawa nzuri zaidi, badilisha milango ya duara uweke ya nusu mwezi yenye kimo cha inchi 1 na 3/16, ni kama milimita 30, mbayuwayu ana miguu mifupi anajilaza anateleza, kwenzi mabega yanakwama. Shomoro atapita tu, sikudanganyi.

Ni kweli wanamaliza mbu? Mume wangu kanunua nyumba yao kwa ajili hiyo. — Nashville

Hapana mama. Ni tangazo la biashara hilo, muuza nyumba za ndege mmoja wa Griggsville, Illinois, alilivumisha miaka ya 1960, eti ndege mmoja mbu 2,000 kwa siku. Mbayuwayu hawa wanawinda mchana, juu sana, mbu wako anakuja magharibi miguuni. Wanachowaletea makinda ni kereng'ende, mbawakawa, vipepeo, nondo, na huko kusini hata sisimizi wa moto wakati wana mbawa. Mwambie mzee, kwa mbu anunue neti, ndege awaache kwa uzuri wao. Na mkiwa Nashville mwezi wa saba na wa nane tokeni jioni mkatazame mahali wanapolala kwa makundi kabla ya safari, mwaka 2020 walijazana kwenye miti ya ukumbi wa muziki wa Schermerhorn, zaidi ya laki moja. Wakiondoka alfajiri kundi kubwa namna hiyo linaonekana hata kwenye rada ya hali ya hewa, kama duara linalotanuka.

Mjomba, mwezi wa tano mvua na baridi zilikaa siku nne, nimefungua vyumba viwili makinda wote wamekufa. Vyumba vingine wako hai ila wana vidudu vinatembea mpaka mikononi kwangu. Ningefanyaje? Na nyoka nawazuiaje? — Kentucky

Pole sana. Hawa wanakula wadudu wanaoruka tu, ikiwa baridi au mvua mfululizo wadudu hawapai, na mkubwa mwenyewe siku mbili tatu bila chakula anaanza kuishiwa. Mwezi Juni 1972 kimbunga Agnes kilileta mvua iliyofuta makoloni mengi Pennsylvania na majimbo ya jirani. Wenye nyumba wakongwe siku ya tatu ya hali hiyo wanaanza kulisha: wananunua nyenje kwenye duka la vyakula vya wanyama, waliogandishwa, wanawayeyusha na kuwarusha hewani kwa kijiko cha plastiki pale ndege anapopita, anadaka. Mara ya kwanza ndege hawaelewi, inabidi uvumilie, akidaka mmoja wengine wanaiga. Wakishazoea unaweza kuweka kwenye sinia la juu pamoja na mayai ya kukoroga yaliyopikwa bila mafuta wala chumvi.

Waliokufa watoe, andika tarehe na idadi, usione aibu kuandika, namba ya vifo ina maana kama namba ya walioruka. Hao vidudu ni utitiri, na ukichimba chini ya tandiko unaweza kukuta mabuu ya nzi wanaonyonya damu ya makinda usiku. Dawa ni kubadilisha tandiko, sio kupuliza sumu. Makinda wakiwa na siku 10 hivi, na tena karibu na siku 20, watoe wote uwaweke kwenye ndoo yenye kitambaa, kusanya tandiko chafu kwenye mfuko upeleke mbali, futa chumba, weka maranda makavu ya mwerezi au majani makavu ya msonobari, bonyeza katikati pawe na shimo kidogo, rudisha makinda walewale kwenye namba ileile. Kifuniko, pandisha. Vaa mikono mirefu, utitiri unawasha sana ila haukai kwa binadamu.

Umeuliza pia nyoka. Nyoka wa panya anapanda mlingoti wa chuma vizuri tu, na rakuni pia, mnyama wa huko hodari wa kupanda, kwahiyo mlingoti bila ngao ni ngazi. Weka bomba pana la bati katikati ya mlingoti, na juu vizuizi vya waya kwa ajili ya bundi na mwewe. Ukifungua ukakuta vyumba vitupu, hakuna ganda, hakuna manyoya, tandiko limelala, mshuku nyoka. Ukikuta mbawa zimetawanyika chini kwenye nyasi, ni bundi.

Nimeweka vibuyu 6 mwaka jana Lexington hakuja hata mmoja. Nimechoka. — Mwenye vyumba vitupu

Usichoke kwanza. Waliokomaa wanarudi pale walipozaa mwaka uliopita, hawahami ovyo. Wanaopanga nyumba mpya ni wale wa mwaka wa kwanza, na hao wanafika wiki 4 mpaka 12 nyuma ya wazee wao, wengi wanavunjika moyo na kufunga milango kabla vijana hawajafika. Angalia mahali: futi 40 wazi pasipo miti mirefu, lakini pasiwe mbali sana na nyumba ya watu, mlingoti futi 12 au 15, vibuyu vyeupe. Kuna rekodi za nyimbo zao za alfajiri, zipige kabla hakujapambazuka, ila ongea na majirani kwanza maana saa kumi usiku wengine wanaita polisi.

Mjomba huku Dar hawafiki hawa? Natamani kufanya hiyo kazi ya daftari. — Kinondoni

Hawafiki, wao njia yao ni Amerika tu. Kuna jike mmoja aliyefungwa kifaa kidogo cha kurekodi mwanga Pennsylvania, utafiti wa Chuo Kikuu cha York cha Toronto uliotoka 2009, alirudi kutoka Amazon mpaka Pennsylvania, kama kilomita 7,500, kwa siku 13. Wanaokuja kwetu ni mbayuwayu wa Ulaya, unawaona kuanzia mwezi wa kumi wamejipanga kwenye nyaya, na hawazai huku. Lakini tuna wetu wanaojenga vikombe vya tope chini ya madaraja na kwenye mapaa ya baraza, hao daftari lako linawatosha. Usiwaguse, tope linapasuka. Tumia kioo kidogo ulichofunga kwenye fimbo na tochi ya simu, mara moja kwa wiki, andika mayai, makinda, tarehe, na wakikaribia kuruka acha.

Nimeona ndege wangu mmoja ana pete mguuni. Nami nataka kuwavisha pete wangu, zinauzwa wapi? — Houston tena

Haziuzwi kwa mtu wa kawaida, kuvisha pete kunahitaji kibali cha serikali kuu, na mwenye kibali anakuwa amefunzwa. Wewe chukua darubini au kamera, soma rangi na herufi, andika mguu upi, kulia au kushoto, tarehe na mahali, kisha uripoti kwenye Maabara ya Pete za Ndege ya Marekani kupitia tovuti ya reportband.gov, hawatozi kitu. Watakurudishia jibu ndege huyo alivishwa lini na wapi, na mara nyingi utakuta alizaliwa kwenye koloni la mtu mwingine.